Ati Mtoto Huyu Hana Akili?

Maneno haya mmeyasikia mara nyingi. Labda mmeyasema wenyewe. Mtoto yuko darasa la tatu, lakini hajui kusoma. Baba anarudi kutoka mkutano wa wazazi, anakaa kwenye kigoda, anamwambia mama: "Huyu mtoto wako hana akili. Bora akachunge." Kesho yake mtoto yuko nyuma ya ng'ombe, na daftari lake limekwisha washia moto jikoni.

Sasa tujiulize. Ni nani aliyepima akili za mtoto huyo? Na alipima kwa kipimo gani? Mahindi tunayapima kwa debe. Kitambaa tunakipima kwa mita. Akili je, tunaipima kwa kitu gani? Kwa mtihani mmoja tu? Kwa hasira za mwalimu siku ile? Kwa kusema kwamba hata babu yake alikuwa hivyo hivyo?

Kuna watu ambao kazi yao ni kuchunguza jambo hili. Wanaitwa wanasaikolojia. Neno ni refu kidogo, basi tulisome polepole: wa-na-sai-ko-lo-ji-a. Saikolojia ni elimu ya akili, hisia na tabia za watu. Mwanasaikolojia hapigi ramli, wala hawezi kusoma mawazo ya mtu kichwani. Tena si yule daktari wa wagonjwa wa akili anayeandika vidonge na sindano, ingawa mara nyingi hufanya kazi pamoja naye. Vyombo vya mwanasaikolojia ni maswali, michezo, picha, mazungumzo, na saa ya kupimia muda. Anamtazama mtoto anavyofanya. Anaandika. Anamlinganisha na wengine. Halafu anatafuta kitu kinachomsaidia mtoto na kitu kinachomrudisha nyuma.

Hapa nchini wataalamu hawa ni wachache, na wengi wao wako mijini. Mkulima wa kijijini anaweza kuzeeka bila kumwona hata mmoja. Lakini mambo waliyoyagundua hayana sababu ya kubaki mijini. Kwa hiyo tumeona tuwaeleze baadhi yake, hasa yale yaliyopimwa kwa watoto wa watu wa hali ya chini kama sisi. Mengine yamepimwa hapa hapa Tanzania.

UBONGO HAUNGOJI

Mtoto anapozaliwa, ubongo wake una uzito wa karibu robo moja ya ubongo wa mtu mzima. Akifika miaka 2, umefikia kama robo tatu. Akifika miaka 6 hivi, umekaribia kabisa ukubwa wa ule wa mtu mzima, wakati mwili wake bado ni mdogo na meno ya utoto ndiyo kwanza yanaanza kung'oka. Yaani ubongo unatangulia na mwili unafuata nyuma. Wengi wetu tunadhani kazi ya kujenga akili inaanza siku mtoto anapoandikishwa shule. Kumbe siku ile nyumba imekwisha kusimama, iliyobaki ni kupiga lipu.

Ndani ya ubongo mna chembe nyingi mno, na chembe hizo zimeunganishwa na nyuzi nyembamba sana. Mtoto anapoona, anaposikia, anaposhika kitu, anapoongeleshwa, habari hupita katika nyuzi hizo. Mnaijua njia ya kwenda shambani. Ikipitwa kila siku inakuwa nyeupe. Isipopitwa, majani yanaota na baada ya masika huioni tena. Na nyuzi za ubongo ni hivyo hivyo. Zinazotumika zinaimarika, zisizotumika zinapungua.

"Lakini mtoto mchanga hajui kitu," mtasema. "Unamwongelesha ili iweje?" Mwanasaikolojia wa Marekani anayeitwa Edward Tronick alilijibu swali hili kwa jaribio dogo, nalo lilitangazwa mwaka 1978. Alimweka mama uso kwa uso na mtoto wake wa miezi michache. Kwanza mama alicheza na mtoto kama kawaida. Kisha akaambiwa aukaze uso kwa dakika chache tu. Asicheke, asiseme, asionyeshe lolote, amtazame mtoto tu. Mtoto alitambua mara moja. Alijaribu kumchekea mama. Alipoona hajibiwi, alijaribu tena. Mwishowe aligeuza uso pembeni, akanywea, na watoto wengine walilia. Basi yule mnayesema hajui kitu anajua hata uso wa mama yake kama umebadilika. Anazungumza kabla ya kuwa na maneno, naye anangoja jibu.

Nani sasa wa kumjibu? Mama ametoka kulima, ana kuni kichwani, maji hayajachotwa, na moto haujawashwa. Hatusemi aache kazi akae chini kucheza. Tunasema kazi zile zile zinaweza kuwa na maneno ndani yake. "Tunamenya muhogo, unauona? Huu mkubwa, huu mdogo. Tupa ganda kule." Na baba naye ana mdomo. Akina baba wengi husubiri mtoto aanze kwenda kuwatafutia ndara ndipo wamsemeshe. Huko ni kuchelewa.

WATOTO WA KINGSTON

Jamaika ni nchi ya kisiwa, mbali na hapa, katika bahari ya Karibi. Watu wake wengi asili yao ni Afrika. Mababu zao walichukuliwa utumwani. Katika mji wake mkuu, Kingston, mna mitaa ya watu maskini sana. Mwaka 1986 na 1987, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies walikwenda katika mitaa hiyo wakachagua watoto 129 waliodumaa. Kudumaa maana yake ni kuwa mfupi kuliko umri wako kwa sababu ya kukosa chakula bora na kuugua ugua. Watoto hao walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24.

Waliwagawa mafungu manne. Fungu la kwanza lilipewa maziwa ya unga, kilo 1 kila wiki. Fungu la pili halikupewa maziwa, ila kila wiki lilitembelewa nyumbani kwa saa 1. Fungu la tatu lilipata yote mawili. Fungu la nne halikupata maziwa wala michezo, lilifuatiliwa tu. Kazi hiyo ilifanyika kwa miaka 2.

Aliyekuwa anakuja nyumbani si profesa. Alikuwa mama wa kawaida, mhudumu wa afya wa mtaani, aliyefundishwa kazi hiyo kwa muda. Alikuja na mfuko wa vitu vya kuchezea. Msifikiri ni vitu vya dukani. Ni chupa tupu za plastiki, vifuniko vya soda, maboksi yaliyokatwa, midoli ya vitambaa, na vitabu vya picha vilivyotengenezwa kwa mkono. Alikaa chini na mama na mtoto. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto, namna ya kumtajia vitu majina, namna ya kumsifu anapofanya vizuri. Halafu aliacha vile vitu pale nyumbani. Wiki ya pili alikuja kuvibadilisha.

Mtakumbuka shabaha ilikuwa kumfundisha mama, maana mgeni anakuja saa 1 kwa wiki, na mama yuko siku zote.

Maendeleo ya watoto yalipimwa kwa kipimo kilichotungwa na mwanasaikolojia Ruth Griffiths. Mtoto hupimwa anavyotembea, anavyosikia na kusema, anavyotumia mikono na macho pamoja, na anavyotafuta njia ya kutatua jambo dogo. Miaka 2 ilipokwisha, waliopata maziwa walikuwa wamesogea mbele. Waliopata michezo nao walikuwa wamesogea. Waliopata yote mawili ndio waliotangulia kuliko wote, wakakaribia watoto wasiodumaa wa mitaa ile ile.

Hadi hapa mtu anaweza kusema, haya, ni mambo ya watoto, yatapita. Lakini wachunguzi hawakuwaacha watoto hao. Waliwafuata wakiwa shuleni, wakawafuata wakiwa vijana, wakawafuata wakiwa watu wazima. Faida ya yale maziwa haikuonekana tena katika akili zao walipokuwa wakubwa. Faida ya michezo ilibaki. Walipokuwa na miaka 17 na 18, wale waliochezeshwa na mama zao walikuwa na wasiwasi kidogo na huzuni kidogo kuliko wenzao, na walisoma vizuri zaidi. Walipofika miaka 22, walikuwa hawajajiingiza sana katika magomvi ya nguvu, na mapato yao yalikuwa juu kwa asilimia 25. Habari hiyo ya mapato ilitangazwa mwaka 2014.

Hatutaki msomaji atoke hapa na maneno kwamba chakula si kitu. La hasha. Mtoto mwenye njaa hachezi. Lakini sisi wa vijijini tumezoea kusikia habari za uji wa lishe, karanga na dagaa, na ni vizuri. Habari ya chupa tupu na kifuniko cha soda hatujaisikia sana, ilhali haihitaji hata senti. Kibuyu kilichovunjika, gunzi la mahindi, kijiti na mchanga vinatosha.

KIPIMO CHA BAGAMOYO

Turudi nyumbani. Kiasi cha miaka 20 na zaidi iliyopita, wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walifanya kazi katika shule za msingi karibu na Bagamoyo. Walifanya pamoja na wataalamu wa Kitanzania, kama Damaris Ngorosho na Akundaeli Mbise. Watoto walikuwa 458, wa umri wa miaka 11 hadi 13. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002.

Walifanya hivi. Kila mtoto alipewa mafumbo matatu. La kwanza, apange kadi kwa kufuata kanuni ambayo hakuambiwa: labda ni rangi, labda ni umbo, labda ni idadi. Agundue mwenyewe. La pili, asikilize maneno na kusema ni jambo gani linatokana nayo. La tatu ni kama kitendawili: mtu ameficha jambo, wewe unamwuliza maswali mpaka ulijue, na maswali yasizidi 20.

Hapo ndipo mitihani mingi huishia. Unapata alama zako na unaambiwa wewe ni wa ngapi. Lakini hawa hawakuishia hapo. Watoto 358 walifundishwa kidogo namna ya kuyaendea mafumbo yale, na wengine 100 hawakufundishwa. Mafundisho yenyewe hayakufika hata saa 1 kwa jumla. Halafu wote wakapimwa tena.

Waliofundishwa walipanda kuliko wasiofundishwa. Kilichotushangaza zaidi ni kingine. Kati ya waliofundishwa, nafasi zilibadilika. Aliyekuwa chini mara ya kwanza si lazima alikuwa chini mara ya pili. Na alama zile za mara ya pili, baada ya mafundisho, ndizo zilizoonyesha vizuri zaidi uwezo wa mtoto katika vipimo vingine. Kwa maneno mengine, ukimpima mtoto kabla hujamfundisha, unapima alichokikuta. Ukimfundisha kidogo ndipo ukampima, unaona anavyojifunza.

Saa moja haikutimia, ndugu wasomaji! Na yule baba wa kigoda alikwisha mtoa mtoto wake shule.

Katika eneo hilo hilo la Bagamoyo walipima pia ugonjwa wa kichocho. Watoto wenye kichocho kikali walikuwa wazito wa kukumbuka na wazito wa kujibu. Kwa hiyo wakija watu wa afya shuleni na vidonge vya minyoo na kichocho, msimfiche mtoto nyumbani kwa kusikiliza uvumi. Na kuna mengine ya namna hii ambayo mnayajua: chumvi yenye madini joto, chandarua, damu kupungua. Hatutayarudia hapa. Ila tuseme moja. Kabla hujamwita mtoto mzito wa akili, mpime masikio na macho. Simama nyuma yake umwite kwa sauti ndogo. Mwonyeshe kuku aliye mbali umwulize ni wa rangi gani. Wako watoto wengi wanaokaa nyuma darasani hawaoni ubao, na mwalimu ana watoto 90.

Jambo jingine linatoka Zambia. Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alilinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwapa kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa sawa. Kwa waya, Wazambia walishinda. Msomaji hana haja ya kuelezwa sababu. Nani asiyemjua kijana wa miaka 8 anayesukuma gari la waya alilolitengeneza mwenyewe, lenye usukani na magurudumu yanayokata kona? Uchunguzi huo ulitangazwa mwaka 1979. Kama kipimo kingekuwa waya peke yake, watoto wa Manchester ndio wangeambiwa wakachunge.

Serpell alikwenda pia vijijini kwa Wachewa, mashariki ya Zambia. Aliwauliza wazee wa kijiji: katika watoto hawa, ungemtuma nani ukiwa na jambo la maana? Wazee waliwataja. Lakini wale waliotajwa na wazee si lazima walikuwa ndio wanaong'ara katika vipimo vya shule. Wazee walikuwa wanatafuta mtoto mwepesi wa kuelewa na mwenye kuaminika, vyote pamoja. Shule ilikuwa inatafuta kitu kingine. Sisi hatusemi wazee wana haki na shule imekosea. Mtoto anahitaji kusoma, na ninyi mliojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnajua uchungu wa kutojua. Tunasema tu kwamba mtoto anayeshindwa hesabu za ubaoni, na ambaye anaweza kukurudishia chenji ya sokoni bila kukosea, hakukosa akili. Mwalimu na mzazi wakutane waone daraja limevunjika wapi.

FIMBO NA HOFU

Hapa wengine watakunja uso. Sisi tumekua kwa fimbo, mtasema, na tazama tu wazima. Hebu tusikilize.

Mtu akiogopa, mwili wake hujitayarisha kukimbia au kupigana. Moyo unadunda, misuli inakaza. Hiyo ni nzuri ukikutana na nyoka. Lakini ukiwa katika hali hiyo huwezi kujifunza jedwali la 7. Fikra zote ziko mkononi mwa mwalimu: je, anainyanyua? Hofu ikiwa ya siku moja inapita. Ikiwa ya kila siku, mwaka hadi mwaka, inauchosha mwili na ubongo unaokua.

Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Tobias Hecker, na wenzake waliwauliza watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Habari zilitangazwa mwaka 2014. Katika kila watoto 100, watoto 95 walikuwa wamewahi kupigwa na wazazi au walezi, na idadi ni hiyo hiyo kwa walimu. Sasa kama fimbo inaleta adabu, mtoto aliyepigwa zaidi angekuwa na adabu zaidi, sivyo? Ilikuwa kinyume. Waliopigwa zaidi ndio waliokuwa na ugomvi zaidi, na moyo mdogo wa kuwasaidia wenzao. Mtu anaweza kubisha kwamba wanapigwa kwa sababu ni wagomvi. Hoja hiyo ni ya haki, na uchunguzi wa namna hii peke yake hauwezi kuikata. Lakini angalau hauonyeshi kwamba fimbo imewatibu.

Na walimu je? Wana madarasa makubwa, hawana vitabu, na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Mtanzania Mabula Nkuba, pamoja na Hecker na wenzao, waliwaita walimu wa shule za sekondari kwa mafunzo ya siku tano na nusu. Hawakuwalaumu. Waliwafundisha namna ya kumtuliza mtoto mkorofi, kumsifu anayefanya vema, kuweka kanuni zinazojulikana na wote. Baada ya miezi mitatu waliuliza tena, walimu na wanafunzi pia. Kupigwa kulikuwa kumepungua katika shule zilizopata mafunzo kuliko katika zile ambazo hazijapata. Hayo yalitangazwa mwaka 2018.

MTOTO ALIYEFIWA

Tumeliacha jambo hili nyuma kwa sababu ni zito, nalo linahitaji nafasi.

Mama amekufa. Watu wamejaa, turubai limefungwa, wanawake wanalia. Mtoto wa miaka 7 anauliza mama yuko wapi. Anaambiwa: "Amesafiri, atarudi." Au anaambiwa: "Nyamaza, usimlize bibi." Wiki inapita. Watu wanatawanyika. Mtoto anachukuliwa na shangazi. Hakuna anayelitaja tena jina la marehemu mbele yake, na wote wanafanya hivyo kwa kumhurumia.

Mtoto kwa upande wake hakusahau. Anaota usiku na kupiga kelele. Alikuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani, sasa ameanza upya. Asubuhi ya shule tumbo linauma, na zahanati hawaoni ugonjwa. Au amekuwa mkali, anapiga wenzake. Au amekuwa mpole kupita kiasi, anakaa peke yake nyuma ya nyumba, na watu wanamsifu kwamba ana adabu. Moyoni mwake labda ana jambo ambalo hajamwambia mtu: siku ile nilikataa kwenda kuchota maji, mama akakasirika, akaugua, akafa. Ni mimi.

Watoto wengi hufikiri hivyo. Mtu mzima hawezi kulijua jambo hilo asipouliza, na hawezi kuuliza kama nyumba nzima imekubaliana kunyamaza.

Katika Moshi kwetu Tanzania, na Bungoma nchini Kenya, mwanasaikolojia Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na wenzake wa nchi zote tatu walifanya kazi na watoto 640 wa miaka 7 hadi 13. Wote walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na wote walikuwa na dalili za kuumia moyo. Nusu walikuwa wa mjini, nusu wa vijijini. Washauri waliokaa nao hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida wa pale pale, waliofundishwa kazi na kusimamiwa. Watoto walikutana katika vikundi mara 12, na walezi wao nao walikutana. Mara chache kila mtoto alikaa peke yake na mshauri.

Walifanya nini humo? Kwanza, waliambiwa kwamba kuwaza na kuogopa hivyo baada ya kifo si wazimu, na kwamba wako wengine. Kwa mtoto aliyedhani ni yeye peke yake duniani, hilo tu ni mzigo kutua. Kisha walifundishwa kuutuliza mwili, kwa mfano kupumua taratibu. Halafu, polepole, mtoto alisimulia kifo kilivyotokea. Kidogo leo, kidogo wiki nyingine. Mshauri alisikiliza bila kukatiza. Lile jambo la "ni mimi" lilipotoka, waliliangalia pamoja: je, kukataa kuchota maji kunaweza kumwua mtu? Baadaye mtoto aliongea na mlezi wake, na mara nyingi mlezi ndipo anaposikia kwa mara ya kwanza yaliyokuwa moyoni. Walikumbuka pia mazuri ya marehemu.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, nasi tutayaeleza yalivyo, bila kuongeza chumvi. Miezi mitatu ilipokwisha, watoto waliopata ushauri walikuwa wamepona zaidi kuliko wenzao katika sehemu tatu: Bungoma mjini, Bungoma vijijini, na Moshi mjini. Vijijini Moshi tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja, kule Kenya tofauti ilikuwa bado ipo, ila hapa Tanzania wale wasiopata ushauri nao walikuwa wamefika mahali pale pale. Kwa hiyo si dawa ya ajabu. Watoto wengine hupona wenyewe wakipata malezi. Lakini mwaka mmoja wa kuota usiku na kulia ni mrefu kwa mtoto wa miaka 8, na kule Bungoma wako ambao wasingepona bila kusaidiwa.

Basi mkifiwa, mwambieni mtoto ukweli kwa maneno anayoyaelewa. Mama amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hatarudi. Si wewe uliyesababisha. Utakaa na shangazi, na utaendelea na shule. Akiuliza tena kesho, mjibuni tena. Akitaka kwenda kaburini, mpelekeni. Akicheka na kucheza siku ya tatu, msimgombeze. Watoto huingia katika huzuni na kutoka, kama mtu anayekanyaga maji ya mto akaruka nyuma.

Zipo dalili za kutongoja. Mtoto akisema anataka kufa. Akijiumiza. Akiacha kula au kulala kwa majuma. Akiacha kusema kabisa. Akiogopa mtu mmoja fulani wa nyumbani au jirani bila kueleza sababu, hapo chunguzeni haraka, maana huenda anafanyiwa ubaya. Mtoto aliyekuwa anatembea na kusema, kisha akaanza kusahau alivyovijua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mahali pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, na Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya yenu. Yeye anajua njia ya kuwafikisha hospitali ya mkoa, na ikibidi kwa wataalamu wa Mirembe, Dodoma, au Muhimbili, Dar es Salaam. Mkifika, mtaulizwa mambo mengi: ana umri gani, alianza lini kusema, analala na nani, anakula nini, tatizo lilianza baada ya jambo gani, nyumbani anapigwa au hapigwi. Jibuni kwa ukweli, hata pale penye aibu. Mwanasaikolojia hana sindano ya kuchoma. Anategemea maneno yenu.

Kwa aliye mbali, iko Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Ni bure, haikati salio, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.